Sauti ya Mbu

Santuri ilizunguka, sindano ikakaa vizuri juu yake, lakini redio ikatoa sauti ya mbu. Kipaza akafungua sauti mpaka mwisho. Mbu yule yule, ila sasa amekasirika kidogo.

"Na wewe umekuwa kama ofisi za wakubwa," akaiambia mashine ya santuri. "Mtu anauliza, unamnong'oneza."

Majirani walimpa jina la Kipaza kwa sababu alipozungumza na mkewe mtaa mzima ulipata habari. Angefanyaje? Mke alikuwa kiziwi tangu siku bomba la mvuke lilipopasuka kiwandani, karibu kabisa na mtambo wake wa kufumia. Daktari wa kiwanda alimpima, akasema masikio yatafunguka baada ya wiki chache. Kipaza alimwambia pale pale kwamba ameshalishwa na mabosi akashiba. Na kweli, wiki zikapita, miaka ikapita, mke hakusikia tena. Mwaka huu presha ikamchukua, hajaombwa hata samahani.

Kipaza hakuwaacha. Alipanda ngazi za utawala mpaka walinzi wa getini wakazoea kumwekea kiti. Mameneja walibadilishwa, majibu yakabaki yale yale. Sasa ameletwa meneja mpya, na huyu amekubali: leo alasiri atakuja nyumbani, kwa miguu yake, kuomba radhi. Kipaza alitaka akifika akute wimbo alioupenda marehemu, ule ambao kiwanda kilimnyang'anya, umejaa nyumba nzima. Si huyu mbu.

Akaenda kwa fundi wa redio.

"Umechomeka mashine moja kwa moja kwenye redio," fundi alisema kabla Kipaza hajamaliza kueleza. "Umeme wa sindano ni kidogo mno, redio haiushiki. Lazima upite kwanza kwenye priampu, iukuze." Akamwonyesha kisanduku cha bati, kama pakiti ya sigara. "Hiki ni cha bei rahisi, lakini kitakuimbia."

"Kama ni cha rahisi ndicho changu. Vya ghali wanavyo wao."

Fundi akafuatana naye kwenda kukifunga. Alipoingia chumba cha kushonea na kuiona mashine, akasimama. Akatazama picha ya ukutani, kisha mashine, kisha picha tena.

"Huyu ndiye mama?"

"Ndiye marehemu wangu. Ulikuwa unamjua?"

"Wateja ni wengi, mzee," fundi akasema, akainama haraka kutafuta soketi.

Nyaya mbili za mashine, nyekundu na nyeupe, akazichomeka kwenye kisanduku. Kisanduku akakiunga na redio. Chumba kikajaa mvumo.

"Huo! Huo ndio mlio wa kiwanda!" Kipaza akaruka. "Ndio uliomla masikio!"

"Ni waya wa ethi tu, haujafungwa." Fundi akaukaza kwa skrubu, mvumo ukakatika. Akainua mkono wa mashine, akamulika sindano kwa simu. "Hii imelika, mzee. Imefanya kazi sana."

Kipaza akaganda. Mashine hii aliifunika kitambaa kwa mkono wake mwaka ule wa ajali, sindano ikiwa bado mpya, isimtoneshe mkewe kidonda. Mwingine mwenye ufunguo wa nyumba alikuwa shemeji yake, dada wa marehemu. Akampigia simu papo hapo.

"Shemeji, ulikuwa unakuja kupiga santuri kwangu, mbele ya mtu asiyesikia? Huna hata haya?"

"Mimi hata kuiwasha sijui, shemeji. Hebu mwache dada yangu apumzike. Alipokuwa hai hukumpa nafasi hiyo." Akakata.

"Umeona, fundi? Mpaka ndugu wameshanunuliwa."

Fundi akateremsha sindano. Safari hii mbu akawa bendi nzima. Besi ikatingisha vifungo ndani ya kopo la kushonea, na sauti ya mwimbaji ikasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeingia bila kubisha. Kipaza akakaa kwenye kiti cha mkewe. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Jioni alikuwa anajifungia humu, mimi niko sebuleni. Siku moja nikachungulia. Amelaza kichwa kwenye hiyo redio, anatabasamu. Maskini, nikajua anatafuta walau mtikisiko. Nikija kumweleza ya mabosi, ananitazama mdomo, anatikisa kichwa, anarudi kwenye cherehani yake. Kila siku namweleza. Napaza mpaka koo linakauka. Sikuwahi kupata jibu. Hawa watu wamenifanyia unyama, fundi. Wameninyima hata mtu wa kuzungumza naye."

Fundi alikuwa anakunja kipande cha waya kilichobaki, anakikunjua, anakikunja tena.

"Hodi!" Sauti ngeni ikaita mlangoni. "Hodi wenyewe! Ni meneja, kutoka kiwandani."

Kipaza akanyanyuka kama aliyeungua. "Ongeza sauti, fundi! Mpaka mwisho! Aingie asikie walichomnyima mke wangu!"

Fundi akashika kitufe cha redio. Akapunguza.

"Mzee, kabla hujamfungulia. Sindano za mashine hii mama alikuwa ananunua kwangu. Mwaka jana nilimwonyesha kisanduku hiki hiki, na bei nikampunguzia, akakikataa. Alisema sauti ya mbu inamtosha, anaweka sikio tu. Ikizidi hapo, mume wake atajua kwamba anasikia."

Nje, meneja akapiga hodi ya pili.