Saruji Badala ya Safari

Kila mfuko wa saruji ulihesabiwa moshi uliotoka kiwandani wakati wa kuutengeneza, na ghala la vifaa vya ujenzi halikuruhusiwa kuuza hata mmoja mpaka mnunuzi aufidie moshi huo kwa kuacha kusafiri.

“Ukichukua hii, kaka, basi la kwenu Wundanyi utalisikia honi tu,” karani alimtania Mghanga. “Miaka sita hupandi gari.”

“Mama yangu hanyeshewi tena. Pakia!”

Lori likaondoka na saruji kwenda kwao, naye akabaki Mombasa akilitazama hadi likapotea.

Nyumba ya mama ilipokwisha, akapiga simu, kifua mbele. “Mama, umelalaje humo?”

“Humo wapi? Mimi nalala jikoni.”

“Jikoni si kunavuja?”

“Tangu lini mama akatangulia kulala katika nyumba ambayo mwanawe aliyeijenga hajalala ndani yake? Nimeshakutandikia. Njoo ulale usiku mmoja tu, nami nihamie.”

Mghanga alitamani kumwambia ile miaka sita. Kwenye simu akasikia mvua ya huko kwao ikidondoka ndani ya sufuria.

“Unakuja lini, baba?”

“Karibuni, mama.”

Akamsikia akicheka kwa furaha, akiimwaga sufuria iliyojaa, kisha akiirudisha palepale.