Umbali wa Mkwe

Kato alikuwa amesimama bafuni kwa dakika ishirini na tano, amevaa suruali ya mpira iliyomfika kifuani, akisubiri mama mkwe apite ukumbini.

Utaratibu wa nyumba ulikuwa wazi. Bi Jovia akitaka kupita, alikohoa mara mbili. Kato akitaka kupita, alikohoa mara moja. Leo walikuwa wamekohoa kwa pamoja, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kutoka.

Kwao Buganda, mwanamume na mama wa mkewe hawagusani, hawali meza moja wala hawakai bega kwa bega. Wakikosea, mikono huanza kutetemeka na haiachi tena. Kato ni muuguzi katika hospitali kubwa ya Flemingsberg, huku ughaibuni, na ukimuuliza kazini atakwambia hayo ni mambo ya wazee. Lakini kazi yake ni kutafuta mishipa ya watoto wachanga kwa sindano, na Jumatatu iliyopita, mlangoni mwa jiko, kiwiko chake kiligusa shali ya mkwewe. Tangu siku hiyo alikuwa akiitazama mikono yake kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Aliogopa, na aliona aibu kwamba anaogopa.

Nyumba yao ya ghorofani, mtaa wa Rågsved, ilikuwa na vyumba viwili. Bi Jovia, aliyekuja kutoka visiwa vya Ssese kumwona mjukuu, alibakiza wiki saba.

Ndiyo maana Kato alikuwa amemwendea Lennart, mzee wa orofa ya chini, aliyechimba visima Mwanza ujana wake wote na bado alizungumza Kiswahili cha huko. Lennart alikuwa na kibanda kando ya mto mmoja kaskazini kabisa, ambako jirani wa karibu yuko kilomita arobaini na kiangazi jua halizami. Kila Julai alikwenda huko kuvua samoni. Kato alimwomba amchukue, siku sita tu. Sababu hakuitaja, maana huwezi kumsema mkweo kwa jirani ukabaki na heshima. Alisema anatafuta mahali pa kupumua.

"Nafasi ipo," alisema Lennart. "Ila kuna mtu nimeshamkubalia. Tulikutana chumba cha kufulia nguo, naye ananiambia hivyo hivyo, anataka kupumua. Anajua samaki kuliko mimi na wewe."

Kato hakuuliza jina. Alielewa vizuri kwamba mtu anayetoroka nyumbani kwake hapendi kuhojiwa.

Lennart alimweleza kwamba kibanda ni chumba kimoja chenye kitanda cha juu na cha chini, na mtumbwi ni wa watu wawili. Yeye mwenyewe angelala kwenye hema nje na kuvua akiwa ukingoni, kama alivyozoea. Kato alisema hilo halina shida, watu wawili wenye adabu hawawezi kushindwa kukaa pamoja siku sita.

Maandalizi yalifanyika kwa siri, kwa sababu Bi Jovia akijua angedhani amemfukuza mwenye nyumba. Suruali ya mpira aliijaribu bafuni. Kurusha ndoana alijifunzia nyuma ya jengo, ambako alivua baiskeli mbili na kofia ya mtoto. Kufunga ndoana alifundishwa kwa Lennart, jioni baada ya kazi, na mafundo yake yote yalifunguka. Lennart akamwekea moja mezani na kumwambia avute. Kato alivuta mpaka kidole kikawa cheupe.

"Hilo kalifunga mwenzako," alisema Lennart. "Kwa mkono mmoja, huku akikunja mashuka."

Nyumbani, Bi Jovia siku hizi alikuwa hakai. Alishinda chumba cha kufulia nguo cha jengo zima, akifua vitu ambavyo tayari vilikuwa safi. Kato alijua anafanya hivyo ili yeye apate kukaa sebuleni kwake, na jambo hilo lilimuuma. Mwanamke amesafiri mabara mawili kumbeba mjukuu, sasa anaishi na mashine.

Jioni ya mwisho alimwomba mkewe, Ritah, amwambie mama kwamba yeye ameitwa kwenye mafunzo ya kazi. Asimwambie kabla hajaondoka.

"Mnahurumiana mno nyinyi wawili," alisema Ritah, akimhamishia mtoto bega la pili. "Hamtaniua kwa vita, mtaniua kwa adabu."

Kato alimwambia kwamba baada ya siku sita atarudi ametulia, na mama atakuwa ameifaidi nyumba. Ritah alicheka peke yake, akasema haya.

Saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa juu, Kato alitoka kwa kunyata. Mbele ya mlango wa mama mkwe alikohoa mara moja, taratibu, kwa kuaga. Hakujibiwa. Alifurahi kwamba hakumwamsha.

Kwenye maegesho, Lennart alikuwa amepakia kila kitu. Kiti cha mbele kilijaa hema, sufuria na vyandarua, hivyo akaomba radhi kwamba wao wawili watabanana nyuma. Safari yenyewe ni saa kumi na nne tu.

"Mwenzako ameshaingia," alisema. "Alifika hapa kabla yangu."

Kato alifungua mlango, akainama, akanyoosha mkono kusalimu.

Aliyekuwa ndani alikohoa mara mbili, akajifunika shali uso mzima na kugeukia dirishani. Ncha ya fimbo ya kuvulia aliyoibana magotini ilikuwa imeshaanza kutetemeka.