Mchezaji wa Kumi na Mbili

Siku za mechi Mwanakombo alipika mapema, kwa sababu mpira ukishaanza asingeweza kusimama. Kila shabiki alifunga mkanda gotini na kuichangia timu yake nguvu za miguu mpaka kipenga cha mwisho. Timu ya matajiri, yenye mashabiki milioni, ilikimbia kwa miguu ya wote hao, ndiyo maana Majengo, yenye mashabiki kiduchu, iliwahi kupigwa hata kumi na sita bila majibu.

"Leo nampa Chande peke yake," alimwambia mumewe. Chande alikuwa winga wa Majengo. "Nampa nguvu zote."

"Zisiporudi je?"

"Mimi ndiye mchezaji wa kumi na mbili, Baba Riziki. Nifunge mkanda."

Dakika ya themanini Chande alichomoka pembeni kwa mbio ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzikimbia, akafunga. Majengo walilala kumi na tisa kwa moja, na Mwanakombo akacheka mpaka machozi. Hiyo moja ilikuwa yake.

Miguu haikurudi. Alijichua kwa mafuta ya karafuu, akasema itarudi tu.

Mechi ya marudiano ilipofika, Chande alikuwa ameshasajiliwa na matajiri wale wale waliowafunga kumi na tisa, pamoja na mbio zake. Baba Riziki akambeba mkewe hadi kwenye kochi. Chande alipompita beki wa kwanza wa Majengo, miguu ya Mwanakombo, iliyokufa ganzi mwezi mzima, ikaanza kukimbia chini ya kanga.

Akaikamata kwa mikono yote miwili, akaikaza.

Kwenye runinga, Chande akaanguka akipiga kelele. Mwanakombo hakuachia.