Siwema Azionja Benki

Haya nilisimuliwa na Mwanahawa juzi, tukichambua mchele. Dada yake, Siwema, alivunja kibubu chake cha mbao, ili pesa za cherehani zikae benki ya kwenye simu. Benki mbili zilitangaza faida nono.

Mumewe, Kombo, akaguna. "Mama Raya, zikimezwa je?"

"Benki tutazionja kwanza, kama mchuzi."

Akaweka kidogo kila benki, na wiki ilipokwisha akazidai. Moja ikamwambia asubiri. Nyingine ikarudisha kabla chai haijapoa, na faida juu. Humo akatia zote.

Jioni akamkuta Kombo akikigongomea kibubu misumari.

"Cha nini tena?"

"Changu. Kikijaa, utanionjea."

Siwema akacheka mpaka akasinzia. Kombo akadumbukiza sarafu, akakitikisa sikioni, akalala nacho kifuani.