Kitambaa Chekundu

Zuwena alivuka uchochoro akiwa tayari kwa ugomvi. Kuku wake alikuwa amekamatwa uani kwa Tatu. Majirani hao hawakuwa wakisalimiana tangu siku walipomgombania kuku huyohuyo, Zuwena akamfunga kitambaa chekundu mguuni ili ijulikane ni wa nani.

Alimkuta Tatu amechutama, kuku kambana kwapani, akimwosha mguu kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu.

"Njoo umshike," Tatu alisema bila kuinua uso. "Anachechemea tangu juzi. Wewe hukuona?"

Zuwena akamshika. Kitambaa kilikuwa kimezama kwenye nyama, na mguu umevimba. Tatu alikikata kwa ncha ya wembe, akakichomoa uzi baada ya uzi, huku akipuliza kidonda kana kwamba ni cha mtoto.

"Ulimfunga akiwa mdogo, shoga. Kuku hukua, kitambaa hakikui."

Shoga. Neno hilo Zuwena alikuwa hajalisikia siku nyingi.

Tatu akapaka kidonda manjano. "Haya. Ukimfunga kingine, kilegeze."

Zuwena akakiokota kile kitambaa, akakitupa jaani.

"Hafungwi tena," alisema. "Ahsante, shoga yangu."

Wakamwachia. Kuku akakanyaga, akauinua mguu, akakanyaga tena. Alipofika uchochoroni alisimama katikati ya milango miwili, na hakuna aliyemwita.