Tambi za Mpinzani

Kila alipoziinua kwa vijiti, tambi zilikatika zikarudi bakulini. Mzee Tambi, kama wateja walivyozoea kumwita, akavilaza vijiti na kucheka mpaka mkewe akaona haya.

Alikuwa na mkahawa wake wa tambi mtaa wa pili, na tangu huu mpya ufunguliwe, na mataa yake mekundu ya karatasi, usingizi ulimpaa. Leo alikuja kupeleleza. Jikoni kwake alimwacha shemeji yake, peke yake kwa mara ya kwanza, na roho haikutulia. Miezi sasa mkewe alikuwa amemkalia kooni: mpe mdogo wangu jiko. Naye alikuwa akipiga chenga tu.

"Chumvi tupu!" alisema kwa raha. "Na zimepoa. Tumengoja mpaka tumesahau tulichoagiza, halafu tunaletewa uji."

"Na jikoni kimya, hata harufu ya kitunguu hakuna," alisema mkewe. "Haya, sema kweli, mume wangu. Mdogo wangu anaweza kupika uchafu huu?"

Mzee Tambi alilitazama bakuli. Moyo ulikuwa mweupe pe. Mpinzani mwenyewe ndiye huyu! Furaha ikamponza.

"Hawezi. Nimemwonea bure kijana wa watu. Kuanzia kesho jiko ni lake, mimi nakaa kaunta. Naapa."

Mkewe alimshika mkono, machozi yakimlengalenga.

Kwa ushujaa huo mpya, Mzee Tambi alimwita mhudumu, ambaye mabega yake yalikuwa yamelowa mvua. "Niitie aliyepika hizi. Nataka kumwona kwa macho yangu."

Alitoka mwenye mkahawa, anajifuta jasho.

"Nisameheni, wakubwa zangu. Mpishi sina. Jiko letu bado halijawekwa, kwa hiyo tunaagiza nje, tunahamishia kwenye mabakuli yetu. Siku zote chakula chao ni kitamu kweli, sijui leo wamepatwa na nini. Ngojeni niwapigie hapa hapa, mkisikia."

Aliokota boksi tupu lililolowa, akasoma namba ubavuni, akabonyeza, akaweka simu sikioni.

Mfukoni mwa shati la Mzee Tambi, simu ikaanza kuita.

"Si upokee, mume wangu," alisema mkewe. "Huenda ni mdogo wangu, ana la kuuliza."