Mwovu wa Kunguru

Kunguru ndiye aliyekuwa bingwa wa hadithi barazani kwa ndege, hadi siku walipomzomea.

"Huyo mwovu wako wa mapembe hatishi hata kifaranga, bwana! Tuletee wa kweli au utupishe!"

Kunguru akaona heshima inamponyoka. Hapo hapo akawatungia mwovu mpole, aliyetoboa mayai ya jirani kwa chini, akayafyonza, akayapanga upya kiotani, kisha akawahi matangani kulia kuwashinda wafiwa.

Baraza zima likaduwaa. Kunguru akavimba kifua: leo nimewapata!

Mama Kanga akainuka. "Shemeji, mayai yangu niliyazika mwenyewe. Lile tundu la chini sikumwambia mtu. Umelijuaje?"

Kunguru akafumbua mdomo. Likamtoka "kwaa!" tu, na mpaka leo hajapata neno jingine.